Panya walioponywa macho kwa kingamwili: sisi wa Lamu na Malindi tuelewe nini?

#1 MwanaLangoni

Assalaam aleikum wanajamvi.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Lamu kunazunguka ujumbe wa sauti unaosema imepatikana sindano ya kingamwili (protini ya kinga inayonasa kitu kimoja maalumu) inayorudisha macho, imejaribiwa kwa panya na panya wamepona. Nafanya kazi maabara, kwa hiyo wengi wamenitumia, na baadhi yao wana mgonjwa ndani ya nyumba na wameshaanza kuulizia bei. Nimeona bora niandike kwa urefu. Ujumbe ule una ukweli mkubwa ndani yake, ila umefungwa pamoja na ahadi ambayo watafiti wenyewe hawakuitoa.

Ugonjwa unaozungumziwa ni uveitisi, yaani mchochota wa tabaka la kati la jicho, lile lenye mishipa mingi ya damu. Mara nyingi retina nayo huingia humo. Ukiwa mbele ya jicho, jicho huwa jekundu hasa kuzunguka mboni, linauma, na mwanga unachoma. Ukiwa nyuma, jicho laweza kuwa jeupe kabisa bila maumivu, na mtu analalamika tu kwamba anaona ukungu na vidoa vinavyoelea. Chanzo chaweza kuwa maambukizi: kifua kikuu, kaswende, toksoplasma, herpesi. Au pasiwe na kijidudu chochote, ni kinga ya mwili yenyewe imeligeukia jicho. Sindano tunazozungumzia ni za kundi hili la pili peke yake. Naomba hilo mlishike.

Kwa nini kinga ilishambulie jicho? Retina ina protini ambazo seli za kinga hazikutani nazo kwa kawaida, kwa sababu kuna vizuizi kati ya jicho na damu. Mojawapo ni IRBP, inayosafirisha vitamini A kati ya seli zinazopokea mwanga na tabaka lililo nyuma yake. Nyingine ni arestini, ambayo watafiti wa zamani waliiita antijeni S. Seli T, ambazo ni aina ya seli za kinga, zikishachochewa dhidi ya protini hizo, zinavuka kizuizi na kuingia. Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya wasioona, alijichoma jicho moja kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya babake, mwaka 1812, akiwa na miaka 3. Alipofika miaka 5 hakuwa na jicho hata moja linaloona. Lile la pili halikuguswa na chuma. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinga iliyoamshwa na jeraha la jicho la kwanza ililifuata na la pili.

Sasa tuje kwa panya. Panya wa majaribio haya hakuugua mwenyewe, ameuguzwa. Mwaka 1988 Rachel Caspi na wenzake, katika Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, walionyesha namna ya kuuwasha ugonjwa kwa panya wadogo: anadungwa IRBP iliyokorogwa na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa, ili kinga yake ishtuke, na mara nyingi anaongezewa sumu ya bakteria wa kifaduro. Baada ya kama wiki mbili jicho linaanza kuharibika. Kabla ya hapo kazi kubwa ilifanywa kwa panya wakubwa wa aina ya Lewis kwa kutumia antijeni S. Mwisho wa jaribio jicho linatolewa, linakatwa vipande vyembamba, vinapakwa rangi, na mtu anakaa kwenye darubini kutoa alama kuanzia 0 mpaka 4. Kwenye 0, tabaka za retina zimepangana sawasawa. Kwenye 4, mistari iliyokuwa imenyooka imekunjamana, na tabaka la seli zinazopokea mwanga limekwisha. Ukishaona picha hizo mbili zimewekwa pamoja, huhitaji kuelezwa zaidi kwa nini watu wanaumiza vichwa juu ya ugonjwa huu.

Kingamwili ziliingiaje? Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walibuni njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi, kazi iliyowapa Nobel mwaka 1984. Kutoka hapo ikawezekana kuchagua molekuli moja ya kinga, kuizuia, na kutazama jicho linafanyaje. Miaka ya 1990 watafiti walizuia TNF, molekuli ya kinga inayochochea mchochota, kwa panya, na uharibifu wa retina ukapungua. Baadaye wakaja kwenye interlukini 17 na interlukini 23, molekuli nyingine ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo.

Mwaka 2008 kundi la Caspi lilichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo yote haya. Kuzuia interlukini 17 kulikinga panya, na hata kuurudisha ugonjwa nyuma. Kuzuia interlukini 23 kulifaa kukifanywa mapema, kabla seli T hazijakomaa kuwa za kushambulia. Zikishakomaa, faida ilikuwa ndogo. Halafu wakauwasha ugonjwa kwa njia nyingine, kwa seli za kinga zilizobebeshwa IRBP. Safari hii interlukini 17 peke yake haikutosha kuleta madhara, ugonjwa uliendeshwa na intaferoni gama, molekuli nyingine ya kinga. Ukitazama protini inayoshambuliwa, ni ileile. Ukitazama kinachouendesha, ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo ukisikia "kingamwili imeponya panya", uliza: alidungwa lini, na ugonjwa wake uliwashwa vipi? Maabara inaijua siku ya kwanza ya ugonjwa kwa sababu ndiyo iliyouanzisha. Mgonjwa wa Faza au Kipini hana siku ya kwanza inayojulikana. Anafika kliniki jicho limeshashambuliwa kwa miezi, mboni imegandana na lenzi, na mtoto wa jicho ameshaanza. Kingamwili huzuia uharibifu unaoendelea. Seli za retina zilizokwisha kufa haizirudishi, si kwa panya, si kwa mtu. Hapo ndipo ujumbe ule wa sauti unapowapoteza watu.

Na kuna jingine. Panya hana makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Kwa binadamu, makula kujaa maji ni mojawapo ya sababu kubwa za uveitisi kupunguza uoni. Jambo hilo panya hawezi kutuonyesha hata kidogo.

#2 Nahodha_Mstaafu

Ahsante sana kijana wangu, nimesoma neno kwa neno. Lakini tuambie wazi sisi wazee: dawa kwa binadamu ipo ama haipo?

#3 MwanaLangoni

Shikamoo mzee wangu. Ipo. Inaitwa adalimumab, kingamwili inayoikamata TNF. Marekani waliiidhinisha kwa uveitisi isiyo ya maambukizi mwaka 2016. Jaribio moja kubwa liliwachukua watu wazima ambao ugonjwa wao ulikuwa umewaka licha ya steroidi, dawa za kutuliza mchochota. Wote walipewa steroidi zikapunguzwa kidogo kidogo, nusu wakaongezewa adalimumab, nusu wakadungwa sindano isiyo na dawa. Kwa waliodungwa sindano tupu, muda wa kati mpaka matibabu yashindwe ulikuwa wiki 13. Kwa waliopata dawa ulikuwa wiki 24.

Muda ule ulikaribia kuongezeka maradufu, na hilo si dogo. Lakini kuna waliopewa dawa na bado ugonjwa ukarudi. Mtu akikuuzia kama uponyaji, mkatae.

Kuna na infliximab, ambayo tangu mwaka 2001 ilionekana kutuliza haraka macho ya wagonjwa wa Behçet, ugonjwa wa mchochota wa mishipa ya damu. Ila etanercept, ambayo nayo huikamata TNF na husaidia viungo vya mwili, kwa jicho haijafanya vizuri. Yenyewe si kingamwili kamili, ni kipokezi cha TNF kilichounganishwa na kipande cha kingamwili. TNF ni ileile, matokeo kwa jicho si yaleyale.

#4 BintiShela

Kaka MwanaLangoni, mtoto wa dada yangu ana miaka 6, ana ugonjwa wa viungo, magoti yanavimba asubuhi. Daktari wa Mombasa amesema apelekwe macho yakaangaliwe. Dada anasita kwa sababu mtoto haumwi na macho, ni meupe na anaona vizuri. Nauli ya watu wawili mpaka Mombasa na kurudi si mchezo, na mvua zikinyesha barabara inakuwa shida. Kuna ulazima?

#5 MwanaLangoni

Upo, dada yangu, tena mkubwa. Uveitisi ya watoto wenye ugonjwa huo wa viungo ndiyo ile ya jicho jeupe lisilouma. Mtoto anacheza, anakula, anaenda madrasa, na huku ndani jicho linaharibika. Hakuna mzazi anayeweza kuiona kwa macho yake. Ndiyo maana walio katika hatari kubwa huangaliwa kila baada ya miezi 3 hata kama hawana dalili yoyote.

Tena kwa watoto hawa ndipo kingamwili imefanya vizuri zaidi. Uingereza walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto 90 wa kuanzia miaka 2, wote wakitumia methotrexate, dawa ya kuituliza kinga. Walioongezewa adalimumab, matibabu yalishindwa kwa 27 kwa 100. Walioongezewa sindano tupu, 60 kwa 100. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Hao walikuwa wanafuatiliwa na ugonjwa wao unajulikana. Mwambie dada ampeleke.

#6 Mpanda_Punda

Salaam. Mimi swali langu ni la mnyama. Punda wangu jito moya latoka mai, alifumba tangu yana, mwanga hautaki kabisa. Mwaka jana lilikuwa hivi hivi likapoa lenyewe. Sasa nimesoma haya ya mato ya panya nikauliza, punda naye aweza kuwa na maradhi haya?

#7 Tabibu_Wanyama

Aweza, na wala usingoje lipoe lenyewe tena. Jicho linalopoa na kurudi ndilo la kuogopa.

Wanyama wa jamii ya farasi hupata uveitisi inayojirudia bila kudungwa chochote na mtu. Ndiyo sababu watafiti huwaangalia sana: wao ndio mfano wa asili ulio karibu na wa binadamu. Panya wa Lewis huugua mara moja yakaisha. Farasi anapata shambulio, linatulia, linarudi, na kila likirudi linaacha kovu. Na kinga yake hushambulia protini zilezile alizozitaja MwanaLangoni, IRBP na antijeni S. Kwa farasi maambukizi yanayohusishwa zaidi na ugonjwa huu ni leptospira, kijidudu kinachotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo na kukaa kwenye maji yaliyotuama. Mashambulizi ya jicho yaweza kuanza miezi au hata miaka baadaye.

Mtazame punda wako kivulini. Mboni yake kwa kawaida ni ya mlalo na pana. Ikiwa imebana imekuwa kama mstari, na kioo cha jicho kina rangi ya samawati au maziwa, mpeleke hospitali ya punda ya Lamu mjini leo hii, wanatibu bila malipo. Watamtia tone la rangi kwanza kuona kama konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina kidonda, maana hawa wanajigonga na kujichoma na miiba kila siku. Kukiwa na kidonda, dawa ya steroidi itaharibu jicho. Bila kidonda, steroidi ndiyo inayotakiwa, pamoja na atropini ya kuifungua mboni isigandane na lenzi. Kwa hiyo usinunue tone lolote dukani ukamtia kwa kubahatisha.

Kingamwili za binadamu kama adalimumab hatumpi punda. Mwili wake utaziona ngeni, na hazikutengenezwa kwa TNF yake.

#8 Mpanda_Punda

Ahsante tabibu. Nampeleka sasa hivi.

#9 Kijana_wa_Malindi

Mimi nina dukuduku, na naliuliza kwa nia njema. Mmesema panya hana makula, mmesema anapewa ugonjwa wa kutengenezwa, mmesema dawa ikifaa kwake si lazima ifae kwa mtu. Sasa kuna uhalali gani wa kumharibu macho mnyama aliyekuwa mzima? Kwa nini wasitumie seli kwenye vyombo vya maabara?

#10 MwanaLangoni

Swali halali kabisa, na hata mimi linanisumbua. Jibu langu ni kwamba ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Seli T zinaamshwa kwenye tezi, zinasafiri kwa damu, zinavuka ukuta wa mishipa, ndipo zinaingia retina. Chombo cha maabara kinaweza kuonyesha hatua moja, hakiwezi kuonyesha safari yote. Mfano: intaferoni gama ni molekuli inayojulikana kuchochea mchochota, kwa hiyo kila mtu angedhani kuizuia kutatuliza jicho. Mwaka 1994 walipowapa panya waliodungwa IRBP kingamwili ya kuizuia, ugonjwa ulizidi. Ndani ya mwili mzima ilikuwa inafanya kazi ya kulinda. Naona afadhali tulijue hilo kwa panya kuliko kulijua kwa mtoto wa mtu.

Na mambo yanaweza kwenda kinyume pia, hilo sitalificha. Secukinumab ni kingamwili inayozuia interlukini 17, ileile iliyowafaa panya. Ilipopelekwa kwa wagonjwa katika majaribio 3, yaliyochapishwa pamoja mwaka 2013, moja la Behçet na mawili ya uveitisi za aina nyingine, haikufikia lengo kuu lililowekwa. Mwaka 2015 utafiti mdogo ulionyesha kuwa ikipitishwa kwenye mshipa kwa dozi kubwa inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ikidungwa chini ya ngozi. Ukiunganisha hilo na ile kazi ya 2008, unaona kosa halikuwa la panya. Panya alishasema kwamba kuna uveitisi ya interlukini 17 na kuna ya intaferoni gama. Wagonjwa ndio waliowekwa kapu moja.

Daclizumab nayo ni funzo la namna nyingine. Huzuia kipokezi cha interlukini 2, na mwaka 1999 iliwasaidia wagonjwa 8 kati ya 10 wa uveitisi katika jaribio la awali. Mwaka 2018 iliondolewa sokoni, baada ya madhara makubwa ya ini na ubongo kuonekana kwa wagonjwa wa ugonjwa mwingine waliokuwa wakiitumia.

Kwa maoni yangu, jaribio la panya linalompa kingamwili kabla hajaugua na kuishia hapo limekwisha kutufundisha vya kutosha. Kama mnyama lazima atumike, atumike kwa swali la mgonjwa wetu: jicho limeshaumwa kwa muda, limeshatibiwa kwa steroidi, ugonjwa unarudi. Hapo nitaona kuna haki.

#11 MamaRukia

Jamani na hizi dawa za matone? Jirani yangu jicho likiwa jekundu ananunua tone dukani, siku mbili jicho jeupe, basi. Wengine wanatia asali, wengine maziwa ya mama.

#12 AfisaKliniki_Pwani

Bi MamaRukia, asali na maziwa visiingie jichoni. Ni njia ya kuingiza vijidudu.

Hayo matone yanayoling'arisha jicho kwa siku mbili mara nyingi yana steroidi ndani. Kwa uveitisi steroidi ni dawa kweli, lakini kwa kipimo na kwa kufuatiliwa. Mtu akizitumia ovyo, presha ya jicho inapanda, mtoto wa jicho anakuja mapema, na kama ilikuwa herpesi linaoza. Ubaya wake zaidi ni kwamba wekundu unaondoka na ugonjwa unabaki. Ile mashine ambayo unaweka kidevu na paji la uso, tukiupitisha mwale mwembamba wa taa kando ya jicho, tunaziona seli zikielea kwenye maji ya jicho kama vumbi kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani. Jicho lisilo na ugonjwa, maji yake ni safi. Kwa nje mnaona macho mawili yanayofanana.

Naongeza lingine, maana MwanaLangoni ameligusa juu juu. Kabla ya kingamwili ya kuzuia TNF lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu, na homa ya ini ya B. TNF ndiyo inayosaidia mwili kuvifungia ndani vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala. Ukiizuia, vinaamka. Huku kwetu kifua kikuu bado ni kingi, na chenyewe kinaweza kuwa ndicho kilicholeta uveitisi. Ukimdunga mgonjwa huyo umemmaliza. Hii si sindano ya kununua kwa mtu mtandaoni.

#13 BintiShela

Dada amekubali, wanaondoka na basi la kesho asubuhi kutoka Mokowe inshallah. Afisa, ikiwa mtoto ataandikiwa hiyo sindano, itakaaje huku kisiwani? Umeme unakatika.

#14 AfisaKliniki_Pwani

Mungu awafikishe salama. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, ndani ya boksi lake isipigwe na mwanga. Ile dawa asilia inavumilia nje ya friji mpaka siku 14, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na sisi Lamu nyuzi 25 tunaziona usiku wa Julai. Kwa hiyo mkikubaliana na daktari, iachwe kwenye friji ya hospitali yenye jenereta, mtoto aende kudungwa pale, kwa kawaida ni kila wiki 2. Mkiisafirisha, chukueni kipozeo chenye pakiti za barafu, na mviringishe dawa kwa taulo isigusane na barafu. Ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Zipo pia dawa fanani zilizotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hataza kuisha. Masharti ya joto hutofautiana, someni karatasi ya ndani ya boksi.

Na kesho dada abebe kadi ya mtoto, majina ya dawa zote anazotumia, na majibu yoyote ya damu na picha ya kifua kama anayo. Kama hana, aseme mapema akifika, wapime palepale Mombasa kabla hawajarudi.